Tiba ya nyayo: inachoweza na isichoweza kwa miguu ya mkulima

Kuanzia mvua za Novemba mpaka mpunga unapoingia ghalani, miguu ya watu wa Usevya, mkoani Katavi, haipumziki. Kuvuruga majaruba, kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege, kuvuna, kupiga: karibu kazi yote hiyo hufanywa kwa kusimama, na sehemu kubwa ndani ya tope. Mfugaji naye anashinda nyuma ya ng'ombe kutwa nzima, na mama akitoka shambani bado ana kuni na maji ya kubeba. Kwa hiyo mtu akitokea gulioni na picha ya unyayo iliyojaa rangi na namba, akasema kila nukta ya unyayo imeungana na ini, figo au moyo, hakosi wa kumsikiliza. Maumivu yapo, na ni nadra mtu kuulizwa habari ya miguu yake.

Tiba anayoizungumzia huitwa rifleksolojia, nami hapa nitaiita tiba ya nyayo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Tiba hii inafaa, na ningependa kila nyumba iwe na mtu anayeijua. Lakini inafaa kama pumziko na nafuu inayotembea pembeni ya matibabu. Haipimi ugonjwa, na hakuna ugonjwa ambao imethibitika kuuponya. Anayekuuzia kwa zaidi ya hapo anauza asichokuwa nacho.

Wanaoifuata hueleza hivi. Mwili umegawanyika katika kanda 10 za kusimama, 5 kila upande, kutoka utosini hadi vidoleni, na unyayo ni ramani ya mwili mzima. Vidole ni kichwa na shingo. Sehemu nene iliyo chini ya vidole ni kifua na mapafu. Uwayo, yaani pale unyayo unapobonyea, ni tumbo na viungo vyake, kisigino ni kiuno na nyonga, na ukingo wa ndani wa mguu, kutoka dole gumba hadi kisigino, ni uti wa mgongo. Ini linatafutwa mguu wa kulia na moyo mguu wa kushoto. Ukikandamiza nukta, wanasema, kiungo chake kinaamka na kufanya kazi vizuri zaidi.

Utaambiwa pia kwamba hii ni siri ya Wachina au Wamisri ya miaka elfu kadhaa. Ni kweli kwamba katika kaburi la Ankhmahor huko Saqqara, Misri, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, kuna michoro ya watu wakishughulikiwa miguu na mikono, ingawa wako wanaoona kwamba wanaonyeshwa wakitunzwa kucha tu. Ramani yenyewe ya nyayo ni ya juzi. Mwaka 1917 daktari Mmarekani wa masikio, pua na koo, William Fitzgerald, alitoa kitabu kuhusu zile kanda 10, akiamini kwamba kubana sehemu moja ya mwili kunapunguza maumivu ya sehemu nyingine ya ukanda huohuo. Katika miaka ya 1930 Eunice Ingham, mtaalamu wa tiba ya viungo, naye Mmarekani, akahamishia kazi hiyo miguuni, akachora nukta za viungo, na mwaka 1938 akachapisha kitabu chake. Picha zinazotandazwa gulioni leo ni wajukuu wa michoro yake.

Huku kwetu mikono ya kukanda haikungoja kitabu cha mtu. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, mwenye misuli iliyokaza huchuliwa kwa mafuta, bibi harusi wa pwani husingwa kwa liwa. Nalisema hili kwa sababu wapo watakaodhani tiba ya nyayo ni jambo geni la hoteli za kitalii. Kilicho kigeni ni ramani tu.

Ramani hiyo imepimwa, na matokeo yake mtu anapaswa kuyajua kabla hajatoa fedha yake. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza waliwapa wataalamu wa tiba ya nyayo watu wa kuwachunguza bila kuwaambia wanaumwa nini, ili wasome ugonjwa kwenye nyayo. Majibu yao hayakulingana na magonjwa yaliyokuwapo, na wataalamu wenyewe hawakukubaliana wao kwa wao. Mwaka 2009 Profesa Edzard Ernst alikusanya majaribio 18 yaliyofanywa kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa, akahitimisha kwamba hakuna ugonjwa wowote ambao tiba hii imethibitika kuutibu kwa namna ya kuridhisha. Hata katika maumbile ya mwili, mishipa ya fahamu ya unyayo hupanda mguuni na kuingia uti wa mgongo sehemu ya chini ya kiuno. Haijapatikana njia ya pekee inayotoka nukta ya unyayo kwenda kwenye figo au kongosho.

Je, basi tuitupe? Hapana, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 2012 Gwen Wyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walitangaza matokeo ya utafiti wa wanawake 385 wenye saratani ya matiti iliyofikia hatua za juu, ambao wote walikuwa wakiendelea na dawa zao za hospitali. Waliopata tiba ya nyayo walipungukiwa na tatizo la kupumua kwa shida, na waliweza kufanya shughuli za kawaida vizuri zaidi kuliko ambao hawakupata. Kichefuchefu na maumivu havikubadilika. Kundi jingine lilikandwa miguu kwa namna ya kawaida, bila kufuata nukta, na hilo ndilo lililopungukiwa na uchovu. Kisha mwaka 2017 kundi hilohilo la watafiti likatoa matokeo mengine: safari hii waliofundishwa kukanda walikuwa ndugu na marafiki wa wagonjwa, nao wakafanya kazi hiyo nyumbani, nusu saa kila mara, kwa wiki 4. Dalili zilizokuwa zikiwasumbua wagonjwa zilipungua.

Mtu wa Usevya afikirie habari hiyo kwa makini. Nafuu ile haikuletwa na mtaalamu wa kulipwa wala mashine. Ililetwa na dada, mume, binti au jirani aliyefundishwa kidogo, akakaa chini, akashika miguu ya mgonjwa bila haraka. Mguso wa taratibu hutuliza mapigo ya moyo na kulegeza misuli, na mtu aliyetulia hulala vizuri zaidi na huhimili maumivu vizuri zaidi. Hiyo ndiyo faida, na si ndogo kwa mgonjwa wa muda mrefu au bibi ambaye siku nzima hakuna aliyemgusa.

Kabla ya kueleza namna ya kukanda, nieleze miguu isiyopaswa kukandwa, maana hapo ndipo watu huumia.

Mguu mmoja ukivimba wenyewe, ukawa na joto na kuuma kwenye shavu la mguu, usiuguse. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kipande chake kikisukumwa kinaweza kusafiri hadi mapafuni na kuua. Huyo ni wa kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Miguu yote miwili ikivimba na mtu anahema akilala chali au akitembea hatua chache, tatizo linaweza kuwa moyo au figo, na kukanda kutamchelewesha tu.

Mjamzito nimtaje peke yake. Miguu kuvimba kidogo jioni katika miezi ya mwisho ni kawaida, na kukandwa kwa wepesi humpa raha. Lakini uvimbe ukipanda usoni na mikononi, kichwa kikamuuma sana, macho yakaona ukungu au tumbo la juu likamchoma, hizo ni dalili za hatari zinazotangulia kifafa cha mimba. Hapo anatafutwa usafiri, hata kama ni usiku. Miezi 3 ya mwanzo wataalamu wengi wa tiba hii huiepuka kabisa, nami nashauri mfanye hivyo.

Wa tatu ni mwenye kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka huua hisia za miguu, hivyo mtu anaweza kukanyaga mwiba asubuhi na kuugundua siku ya tatu kwa harufu ya usaha. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ameshughulikia vidonda vya namna hiyo kwa miaka mingi, na katika miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoendesha mradi wa Hatua kwa Hatua, uliofundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuokoa miguu ya wagonjwa wa kisukari isikatwe. Mafunzo makuu ni mepesi: kagua miguu kila siku, usitembee pekupeku, kidonda hata kidogo kipeleke hospitali mapema.

Kuna kipimo kinachoweza kufanyika nyumbani bila kifaa chochote. Mwambie mhusika afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi sana, bila kubonyeza, kwa muda wa sekunde 1 hadi 2, kwenye ncha ya dole gumba la mguu, kidole cha kati na kidole kidogo cha mwisho, miguu yote miwili. Jumla ni miguso 6. Kila akihisi aseme. Akikosa kuhisi miguso 2 au zaidi, miguu yake imepoteza hisia na imo hatarini. Asikandwe kwa nguvu, asiloweke miguu kwenye maji ya moto, na aonwe na daktari. Ganzi inaweza pia kutokana na ukoma, hasa ikiwa kuna baka la ngozi lisilosikia, na ukoma unatibika kwa vidonge vinavyotolewa bure katika vituo vya serikali.

Mwenye homa apimwe malaria kwanza. Mwenye kidonda, mfupa uliovunjika au kifundo kilichoteguka jana asubiri apone.

Hilo la kupima linanirudisha gulioni. Siku hizi wapo wanaozunguka na kifaa kidogo kilichounganishwa na kompyuta. Unashika kichuma kiganjani, na baada ya dakika moja inatoka orodha ya magonjwa 30 na zaidi, kisha unauziwa virutubisho kwenye makopo. Wengine wanachanganya na unyayo: wanabonyeza, ukishtuka wanasema figo zimechoka. Unyayo wa mtu aliyepandikiza mpunga wiki nzima utauma karibu popote utakapobonyezwa. Kuuma huko ni habari ya misuli na ngozi ya mguu. Figo hupimwa kwa damu na mkojo, sukari kwa tone la damu kidoleni, shinikizo la damu kwa mashine ya mkononi. Vipimo vya sukari na shinikizo viombe kituo cha afya kilicho karibu, na kikubwa zaidi utaelekezwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Mpanda. Nauli ya Mpanda inauma mfukoni, najua, lakini dozi moja ya makopo yale mara nyingi inaizidi.

Sheria ipo pia. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ilianzisha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo kazi yake ni kusajili watoa huduma na kuwasimamia. Anayefungua chumba cha tiba ya nyayo na kutoza watu fedha awe na cheti cha usajili, na una haki ya kukiomba ukione. Ukitilia shaka, ulizia kwa mratibu wa tiba asili katika ofisi ya mganga mkuu wa halmashauri. Mtoa huduma mwema hatakasirika. Atakuuliza kwanza unatumia dawa gani na umepimwa nini, hatakuahidi kupona, na hatakuambia uache vidonge.

Hilo la kuacha vidonge ndilo kosa lisilosameheka. Tulilishuhudia mwaka 2011, watu kwa maelfu walipofunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Katika foleni ile walikuwamo wenye virusi vya Ukimwi na wenye kisukari, na miongoni mwao wapo waliorudi nyumbani na kuachana na dawa zao wakiamini wamepona. Baadhi yao walizidiwa. Simfananishi anayekanda nyayo na tukio lile, ila njia ya kuingia hatarini ni ileile: nafuu ya siku mbili ikachukuliwa kuwa uponyaji, dawa ikawekwa darini. Ukikandwa ukajisikia vizuri, mshukuru aliyekukanda, na vidonge vya jioni umeze kwa saa yake.

Sasa tukande. Wakati mzuri ni jioni, baada ya kuoga na kabla ya kulala, watoto wakiwa wametulia. Vinahitajika beseni, sabuni, kitaulo au kanga kuukuu, na mafuta kidogo. Mafuta ya alizeti ya jikoni yanatosha, samli nayo inafaa, na mafuta ya mgando ya dukani pia. Dawa za kuchua zenye ukali ziache, maana zinaunguza ngozi yenye mipasuko. Kata kucha zako wewe unayekanda.

Osha miguu kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, kisha kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Kwa mtu wa majaruba hatua hii ni muhimu kuliko zote, kwa sababu unyevu unaobaki kati ya vidole ndio unaofuga fangasi. Sogeza taa karibu uangalie. Utaona mengi: ncha ya mwiba iliyozama, funza, lengelenge chini ya dole gumba, magaga ya kisigino yaliyopasuka hadi nyama nyekundu. Mwiba utolewe kwa sindano iliyochemshwa. Magaga yasiyotoka damu yasuguliwe taratibu kwa jiwe la kuogea, yapakwe mafuta mazito, na mtu alale na soksi. Nyumba nyingi zingeishia hapa kila Jumamosi, bila kukanda chochote, tayari zingekuwa zimefanya kazi kubwa ya afya.

Anayekandwa alale kwenye mkeka, mto chini ya magoti, au aketi kitini na mguu wake uwe mapajani mwako juu ya kanga. Anza kwa kuushika tu mguu kwa mikono miwili hadi ahisi joto la viganja vyako. Zungusha kifundo pole pole, upande huu kisha ule. Paka mafuta machache, yakizidi kidole kitateleza na hakitabonyeza. Kisha weka dole gumba lako kwenye kisigino na ulitembeze mbele kwa kulikunja na kulinyoosha, kama kiwavi anavyotambaa kwenye jani, bila kulinyanyua. Toka kisigino hadi chini ya kidole kidogo, rudi, songa mstari mmoja ndani, mpaka umalize unyayo wote. Ukingo wa ndani upite mara mbili au tatu, maana huko watu wengi hupata raha. Vidole vishike kimoja kimoja, uvizungushe na kuvivuta kidogo.

Nguvu kiasi gani? Kiasi ambacho anayekandwa anaweza kuendelea kukusimulia habari za siku bila kukunja uso. Muulize mara kwa mara, na kama ni mzee usisubiri alalamike, kwa kuwa wazee wetu wengi huona aibu kusema "unaniumiza" kwa mjukuu anayewahudumia. Angalia vidole vyake: vikijikunja, punguza. Mtoto mdogo apapaswe tu. Dakika 10 hadi 15 kila mguu zinatosha, na mara moja au mbili kwa wiki ni nzuri.

Wako watu wanaoamka wakashindwa kukanyaga hatua za kwanza kwa maumivu ya kisigino, halafu yanapungua wakitembea. Mara nyingi huo ni mkazo wa ukano mpana ulio chini ya unyayo, na hapa kukanda kunasaidia moja kwa moja. Kabla ya kushuka kitandani, avute vidole vya mguu kuelekea goti, ahesabu hadi 10, aachie, arudie mara 10. Jioni aviringishe chupa ya soda chini ya unyayo akiwa ameketi. Na avae kiatu chenye soli nene, ndala zilizolika azipumzishe. Wiki kadhaa zikipita bila mabadiliko, aende akaonwe.

Ukimaliza mguu wa kulia fanya wa kushoto, hata kama unaouma ni mmoja. Kisha pangusa mafuta yote kwa kitaulo, mpaka unyayo ubaki mkavu, na mwache akae kidogo kabla hajasimama. Sakafu ya saruji na mguu wenye mafuta havipatani, na bibi akiteleza akavunjika nyonga, safari ya Mpanda itakuwa ya machela.